Mwacha mila ni mtumwa, je, aliyeachishwa?

METHALI "Mwacha mila ni mtumwa" tumeikariri tangu shule ya msingi. Tunaitumia kumsuta kijana anayekataa kuamkia wazee, au msomi anayeona haya kusema lugha ya mamake mbele za watu. Sina ugomvi na matumizi hayo. Ugomvi wangu unaanza pale methali hii inapowekwa mbele ya watu ambao kwao neno "mtumwa" si tamathali ya usemi. Mababu zao walifungwa minyororo kwelikweli, wakavukishwa bahari ya Atlantiki, na huko walikofikishwa wakanyimwa majina yao, lugha zao, ngoma zao na hata namna yao ya kuzika. Hao hawakuacha mila. Waliachishwa.

Kwa mwanasarufi, tofauti ya "kuacha" na "kuachishwa" ni suala la mnyambuliko tu: unaongeza kiambishi cha kutendesha, unaongeza cha kutendwa, basi. Lakini maana inageuka kabisa. Katika "kuacha", lawama ni ya mtenda. Katika "kuachishwa", kuna mtu mwingine aliyejificha nyuma ya kitenzi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: aliachishwa na nani? Kwa maoni yangu, sanaa ya ukumbusho inayostahili kuitwa sanaa ni ile inayouliza swali hilo kwa sauti, kisha ikampa aliyenyang'anywa nafasi ya kurejeshewa alichopoteza, angalau kwa kiasi.

Makala ya leo inahakiki sanaa ya aina hiyo: kazi zilizoundwa kuwaenzi watu weusi waliouawa au kuteswa kwa sababu ya rangi yao, kwa kutumia mila za Kiafrika. Nitakaa zaidi Montgomery, Alabama, nipite New York, kisha nirudi pwani yetu na Nairobi. Swali langu ni moja: mila ya Kiafrika inapoingizwa katika ukumbusho wa namna hii, inafanya kazi gani? Inaomboleza, au imewekwa pale kama pambo?

Tuanze Montgomery. Tarehe 26 Aprili 2018, shirika la kutetea haki linaloongozwa na wakili Bryan Stevenson, Equal Justice Initiative, lilifungua huko ukumbusho wa kitaifa wa amani na haki. Unawakumbuka watu weusi zaidi ya 4,400 waliouawa na makundi ya wazungu kati ya mwaka 1877 na 1950. Ndani ya jengo lililo wazi pande zote kuna nguzo za chuma zaidi ya 800 zenye rangi ya kutu, kila moja ikiwakilisha kaunti moja ambamo mauaji hayo yalifanyika. Majina ya waliouawa yamekatwa katika chuma chenyewe. Unapoingia, nguzo ziko kimo cha mtu, unatazamana nazo uso kwa uso. Kadiri unavyosonga mbele, sakafu inateremka nazo zinabaki juu, mpaka mwishowe zinaning'inia kichwani pako kama miili ilivyoning'inia mitini.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu lugha yetu inatuletea matata. Mauaji hayo tunayaitaje kwa Kiswahili? Magazetini na redioni mtu akiuawa na kundi, tunasema watu "wamechukua sheria mikononi". Msemo huo unatosha pengine kwa mwizi wa kuku aliyepigwa mawe sokoni, ingawa hata huko una walakini wake. Kwa yaliyotokea Alabama na Mississippi, unapotosha. Wauaji wale hawakuipokonya serikali sheria. Mara nyingi sheria ilikuwepo pale pale ikitazama: polisi walimtoa mahabusu wakamkabidhi kwa umati, picha zikapigwa, kadi za posta zikachapishwa na kutumiwa jamaa wa mbali. Anayesema "walichukua sheria mikononi" amekwisha kuitoa serikali hatiani kabla kesi haijasomwa. Mimi nimezoea kuyaita "mauaji ya hadhara ya kibaguzi". Ni maneno mengi, nakubali, lakini kila moja lina kazi yake: hadharani, yaani hakuna aliyejificha, kibaguzi, yaani rangi ndiyo iliyohukumu.

Kwamba rangi ndiyo iliyohukumu, ukumbusho wenyewe unathibitisha. Ukutani kumeandikwa kwa ufupi visa vya baadhi ya waliouawa. Kimoja kinamgusa yeyote anayefundisha lugha. Jesse Thornton aliuawa mjini Luverne, Alabama, mwaka 1940 kwa kumtaja polisi mzungu bila kutanguliza neno la heshima, neno ambalo sisi tungelifasiri kuwa "Bwana". Mtu aliuawa kwa sababu ya kiambatanishi cha heshima! Msomaji wa Kenya haoni ajabu sana akikumbuka kwamba hata hapa kwetu enzi ya ukoloni mzungu kijana aliitwa "Bwana", huku mwanamume Mwafrika mwenye wake na wajukuu akiitwa "boi". Neno hilo limebaki katika Kiswahili mpaka leo, na wengi hatujui lilikotoka wala lilimdhalilisha nani.

Sasa tuingie katika mila. Kabla ya kuzifikia nguzo zile za chuma, mgeni hukutana na kundi la sanamu za watu waliofungwa minyororo, mmoja wao mama aliyempakata mtoto. Mchongaji ni Kwame Akoto-Bamfo wa Ghana, na kazi yenyewe inaitwa Nkyinkyim, ambalo hutamkwa takriban "nchinchim". Nkyinkyim ni mojawapo ya alama za adinkra za Waakan, mstari uliopindapinda, na inahusishwa na methali yao kwamba njia ya maisha haikunyooka. Kumbuka pia kwamba nguo za adinkra zenyewe asili yake ni msiba: zilivaliwa mazikoni, na jina lenyewe huhusishwa na kuagana. Kwa hivyo anayeijua mila hiyo hahitaji kuelezwa kwamba amefika matangani. Jina la kazi limekwisha kumwambia.

Lakini mzizi wa kazi ya Akoto-Bamfo uko kwingine, na hapo ndipo mambo yanapokolea. Zamani, Waakan walifinyanga vichwa vya udongo vya watu mashuhuri waliofariki. Vichwa hivyo, nsodie, viliwekwa mahali maalumu, na ndugu walikwenda huko kuwatolea wafu sadaka na kinywaji. Havikuwa vya kila mtu. Vilikuwa vya wafalme, malkia mama na wakuu wengine. Akoto-Bamfo ameichukua heshima hiyo ya kifalme akawapa mateka. Ameunda vichwa vingi mno, kila kimoja na uso wake: huyu mzee, huyu msichana, huyu amefumba macho, huyu kinywa ki wazi kana kwamba anaita mtu. Mwaka 2017 alivipanga zaidi ya elfu moja katika ngome ya Cape Coast, mahali ambapo mateka walifungiwa kabla ya kupakiwa melini.

Kwa mtazamo wangu, hilo ndilo tendo kubwa zaidi katika kazi yake, kubwa kuliko ufundi wa kuchonga. Katika daftari za wauzaji, mateka alikuwa tarakimu: mwanamume mmoja, thamani kadhaa. Kumpa uso ni kumtoa katika hesabu na kumrudisha katika ukoo. Na kumpa uso kwa njia ya nsodie ni kusema kwamba huyu aliyetupwa baharini bila jina alistahili kulilwa kama mfalme.

Nisieleweke vibaya, hata hivyo. Mhakiki hana budi kuuliza swali linalochoma. Mila ya nsodie ilikuwa ya watawala, na baadhi ya watawala wa Kiakan ndio waliowateka majirani zao na kuwauza kwa Wazungu kwenye ngome zile zile. Je, mila ya aliyeuza inaweza kumwomboleza aliyeuzwa? Wapo watakaosema huo ni unafiki. Mimi nasema hapana, kwa sharti moja: mila isije kama ilivyokuwa. Akoto-Bamfo ameipindua, na nguvu ya kazi yake imo katika kupindua huko. Aliyekuwa chini amewekwa juu. Kwangu mimi vichwa vile vinasomeka pia kama kuomba radhi, kwa kutumia kitu chenye thamani kubwa kabisa katika nyumba ya anayeomba. Angeviunda kwa ajili ya wafalme peke yao, tungekuwa tunahakiki kazi ya kawaida ya makumbusho.

Sifa hizo zikishatolewa, na kasoro tuitaje. Katika mpangilio wa Montgomery, Afrika iko langoni tu. Unakutana nayo ikiwa imefungwa minyororo, unaipita, unaingia katika hadithi ya Marekani. Kwa mgeni asiyejua lolote kuhusu Waakan, Afrika inageuka kuwa utangulizi wa mateso: mahali ambapo watu weusi hutoka wakiwa wamefungwa. Zile nsodie zenye hadhi, ule mstari wa nkyinkyim, ile nguo ya matanga, havionekani. Kinachoonekana ni chuma shingoni. Hili si kosa la mchongaji peke yake, kwani ukumbusho unasimulia hadithi kwa mfuatano na lazima uanzie mahali fulani. Hata hivyo, ndiyo hatari inayoikabili kila kazi ya namna hii. Mnyororo una nguvu kubwa machoni, na usipoangaliwa unakula kila kitu kilicho kando yake.

Ukitaka kuona hatari hiyo bila kwenda mbali, nenda Unguja. Katika ua wa kanisa la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuna sanamu tano za watu waliosimama shimoni, shingo zao zikiunganishwa na mnyororo. Zilichongwa na Clara Sörnäs wa Sweden mwaka 1998. Ni kazi ya ustadi na inahuzunisha. Lakini nikiitazama kwa macho ya mila, naona mateka watano ambao hakuna aliyewajia. Hapana mahali pa kumwaga maji, hapana pa kufunga kitambaa, hapana jina la kuitwa. Mtalii anapiga picha, anashusha pumzi, anaondoka. Wale watu wamebaki shimoni mwao, na mnyororo wao umebaki vile vile.

Rudi sasa Montgomery uone jambo la ajabu. Penye alama za Kiafrika nimepata kasoro. Ndani, ambako hakuna alama hata moja ya Kiafrika, nimekuta mila zetu zikitenda kazi. Shirika lile limekuwa likiwapeleka watu, wengine wao wajukuu na vitukuu wa waliouawa, mpaka mahali hasa palipotokea mauaji. Wanachota udongo, wanautia katika mtungi wa kioo wenye jina la marehemu, mahali na tarehe. Mitungi hiyo, mamia kwa mamia, imepangwa rafuni: udongo mweusi, mwekundu, wa kahawia, wa kijivu. Kwa ajili ya wale ambao majina yao hayakuandikwa popote, kuna ukuta unaotiririka maji.

Mkenya hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mjaluo aliyefia mbali na mwili wake usipatikane, jamaa zake huzika tunda la yago mahali pake. Miongoni mwa Waluhya hutumika shina la mgomba. Tukiwaona wanaofanya hivyo, hatusemi wamezika tunda; tunasema wamemzika ndugu yao. Kinachotakiwa ni kitu cha kushika, mahali pa kukiweka, jina la kutamka na watu wa kushuhudia. Mitungi ya Montgomery imetimiza yote manne. Sidai kwamba waliobuni jambo hilo waliiga Siaya au Kakamega, la hasha. Ninachodai ni kwamba mila ya Kiafrika ya kuomboleza iko katika matendo zaidi kuliko katika michoro. Unaweza kujaza ukuta mzima alama za adinkra na usiombolezee mtu hata mmoja. Unaweza pia kushika mtungi wa udongo usio na alama yoyote na ukawa umefanya walichofanya babu zako.

Suala la alama linanipeleka New York. Mwaka 1991, wachimbaji waliokuwa wakitayarisha msingi wa jengo la serikali huko Manhattan walikuta makaburi. Yalikuwa sehemu ya uwanja mkubwa ambamo Waafrika, wengi wao watumwa, walizikwa katika karne ya kumi na saba na ya kumi na nane. Mabaki ya watu 419 yalifukuliwa, na watu weusi wa jiji walikasirika sana kwa namna kazi ilivyokuwa ikifanywa. Baada ya vuta nikuvute, mabaki yalipelekwa Chuo Kikuu cha Howard kuchunguzwa na jopo lililoongozwa na mwanaanthropolojia Michael Blakey. Mwaka 2003 yalizikwa tena pale pale, katika majeneza yaliyochongwa kwa mkono Ghana. Ukumbusho uliosanifiwa na Rodney Leon ukafunguliwa mwaka 2007.

Juu ya jeneza moja palikuwa na misumari iliyopangwa kwa umbo kama la moyo. Watafiti wakaisoma kuwa ni sankofa, alama nyingine ya Waakan, ambayo jina lake limeundwa kwa vitenzi vitatu: rudi, nenda, chukua. Kwa Kiswahili ningesema "rudi ukachukue". Tafsiri hiyo iliwapendeza wengi, na alama hiyo imechongwa katika ukumbusho wenyewe. Ni nani asingependa kusikia kwamba mtu aliyekufa utumwani miaka mia mbili na zaidi iliyopita aliagwa na wenzake kwa ishara ya kwao? Kisha mwaka 2010 mwanahistoria Erik Seeman akaleta pingamizi: majeneza ya Waingereza na Wamarekani wazungu wa enzi hiyo nayo yalipambwa kwa misumari yenye umbo la moyo, na ushahidi kwamba alama ya sankofa ilikuwepo wakati huo ni haba. Nguo ya adinkra ya zamani zaidi inayojulikana ilichukuliwa Kumasi na Mwingereza Bowdich mwaka 1817, baada ya uwanja ule wa makaburi kufungwa.

Wanafunzi wangu wa uzamili tunapofika hapa hugawanyika. Wapo wanaoona pingamizi hilo kuwa dhuluma nyingine: hata faraja ya umbo la moyo nayo wanyang'anywe? Wapo wanaotaka alama ifutwe. Mimi siko na upande wowote kati ya hizo mbili. Msomi lazima aruhusiwe kusema misumari ile huenda si sankofa, kwa sababu marehemu hawaheshimiwi kwa kusingiziwa, hata masingizio yakiwa mazuri. Wakati huo huo, waliozika mwaka 2003 walirudi wakachukua. Walichimba, wakachunguza, wakawapa wafu wao majeneza, wakawazika kwa heshima. Kama sankofa haikuwa juu ya lile jeneza la kwanza, basi ilikuwa katika mikono ya waliolibeba la pili. Alama ikisimama katika ukumbusho kama kauli ya wazikaji wa leo, ni kweli tupu. Ikisimama kama ushahidi wa aliyezikwa zamani, inahitaji neno "labda" kando yake.

Jambo lingine kuhusu alama hizi: mbona kila mara ni za Waakan? Waafrika waliopelekwa Marekani walitoka sehemu nyingi, na wengi walitoka Kongo na Angola, wasemaji wa lugha za Kibantu, ndugu wa lugha hii tunayoitumia sasa. Adinkra imekuwa kama sare ya bara zima kwa kuwa inachoreka kwa urahisi na kila alama ina methali yake tayari. Sina kinyongo na Waakan. Ila mila ikishakuwa sare, inavaliwa na mtu yeyote popote, na mwishowe haimtambulishi aliyeivaa.

Na huku kwetu? Pwani ya Kenya tunayo sanaa ya ukumbusho ambayo dunia nzima imeitamani, nasikitika kusema, mpaka ikaiba. Wamijikenda, hasa Wagiriama, huwachongea wanachama waliofariki wa chama cha Gohu nguzo za mbao ngumu zinazoitwa vigango. Kigango kina kichwa cha mviringo na mwili uliochongwa pembetatu. Hakisimamishwi kwa sababu mtu amependa. Koma, yaani roho ya marehemu, humtokea jamaa yake ndotoni au kwa njia ya maradhi na kulalamika kuwa imesahauliwa. Ndipo kigango husimikwa, kikavishwa vitambaa, kikapewa chakula na tembo la mnazi. Kikishasimikwa hakiondolewi. Kinaachwa pale mpaka mvua na mchwa wakimalize.

Tangu miaka ya sabini na themanini, vigango vingi viliibwa vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa. Vingine viliishia kwa waigizaji wa Hollywood na makumbusho ya Marekani. Vigango viwili vya familia moja ya Kigiriama vilivyoibwa mwaka 1985 vilikuja kutambuliwa na watafiti: kimoja jimboni Illinois, kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Hampton! Chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Waliokuwa wamenyang'anywa babu zao wakawa, bila kukusudia, wanawahifadhi babu walionyang'anywa watu wengine. Siwahukumu. Waliipenda Afrika kwa dhati, na walipoombwa wakakirudisha. Vigango hivyo viwili vikarejea kwa wenyewe mwaka 2007. Makumbusho mengine, yakiwemo ya Denver, nayo yamerudisha vigango vilivyokuwa mikononi mwao.

Kisa hicho kina funzo la lugha. Neno "makumbusho" linatokana na "kukumbusha", yaani kumfanya mtu akumbuke. Kigango kilipofikishwa makumbusho ya Marekani kiliacha kukumbusha, kwa maana wa kukumbushwa walikuwa Kaloleni na Ganze. Hapo Stevenson na wenzake wamefanya jambo ambalo mzee wa Gohu angelielewa mara moja. Nje ya jengo la Montgomery kumelazwa nakala za zile nguzo 800, zimepangwa chini mfano wa majeneza, na zilikusudiwa kila kaunti ije ichukue yake, ikaisimike kwao. Nguzo ambayo haijachukuliwa inabaki imelala pale, na kila mgeni anasoma jina la kaunti iliyokataa kuzika wafu wake. Ni koma inayolalamika kwa njia ya chuma.

Mwisho nije Nairobi. Septemba 2015, katika bustani ya Uhuru Park, ulizinduliwa ukumbusho wa wahanga wa mateso ya enzi ya ukoloni, uliogharamiwa na serikali ya Uingereza. Ulitokana na maafikiano ya mwaka 2013 ambapo wakongwe 5,228 walilipwa fidia ya jumla ya pauni milioni 19.9. Sanamu yake inaonyesha mwanamke akimkabidhi mpiganaji wa Mau Mau chakula, kila mmoja ametazama kando, ili akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Hii ni kazi ninayoipenda. Haina mnyororo. Badala ya kutuonyesha mateso, inatuonyesha kile ambacho mateso yalikusudiwa kukivunja, yaani uaminifu wa watu wanaolishana gizani. Mila imo katika tendo, si katika pambo.

Kinachokosekana ni majina. Wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwanyonga watu 1,090. Dedan Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, alizikwa Kamiti na kaburi lake hatulijui hadi leo. Ikiwa hatujui alipozikwa kiongozi mwenyewe, je, wale wasiokuwa na vyeo? Marekani imeweza kupanga majina yake kaunti kwa kaunti. Sisi tunazo kaunti 47, tunayo nyaraka, tunao mafundi wa kuchonga mbao, mawe na chuma, na tunazo mila za kumzika ambaye mwili wake haupo. Kaunti ya Kiambu ingeweza kuwa na nguzo yake, Nyeri yake, Embu yake, kila moja kwa mila ya watu wake, si lazima kigango wala adinkra.

Tana River ingeanza na Hola, ambako mahabusu 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959, kisha serikali ikadai kwamba walikunywa maji mabaya. Kila mwanafunzi wa historia nchini huitaja idadi hiyo katika mtihani na kupewa alama. Muulize akutajie jina la mmoja wao.